Pini Thelathini na Moja

Ijumaa, 1 Oktoba 1880

Mvua tangu alfajiri. Kasisi Fanshawe amenipa daftari hili la kuandikia kazi yake. Nimeligeuza kichwa chini. Kurasa za mbele ni zake, huku nyuma ni kwangu.

Kazi yenyewe ni hii. Mabwana wa mjini wanatunga kamusi kubwa ya Kiingereza chote, na wameomba watu wa kila wilaya wawapelekee maneno kwenye vikaratasi. Kasisi anasema kila mtu anapeleka maneno ya ajabu ajabu, na ya kila siku hayana mwenyewe. "Ni kama kuomba ndege, Thirza, ukaletewa tausi mia tatu na shomoro hata mmoja hakuna." Yeye ameamua kupeleka shomoro. Amechagua pini, kwa sababu hapa Thornmead hakuna mwanamke asiyefuma lesi, na lesi, kitambaa chetu chepesi cha matundu, haifumwi bila pini: unazichomeka kwenye mto mgumu na kuzungushia nyuzi.

Kila kikaratasi lazima kiwe na neno, sentensi kamili kama ilivyotamkwa, jina la aliyesema, mahali, na tarehe. "Bila jina na tarehe ni takataka," alisema. Kaniomba mimi kwa kuwa mwandiko wangu ni safi. Nimefurahi mno. Sijawahi kuombwa kitu na mtu mwenye vitabu.

Jumatatu, 4 Oktoba

Pini tatu mpya. Mzee Amos Tripp kasema pini zake hazimbebi tena, yaani miguu. Muuza bia anaita hivyo kipipa chake kidogo. Mwendesha mkokoteni anaita hivyo kijiti kinachozuia gurudumu lisichomoke. Mzee Amos aliniuliza, "Na miguu yangu itaingia kitabuni?" Nikamwambia itaingia. "Basi isiingie na goti la kushoto, hilo halifai." Nimecheka njia nzima.

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Nimefuma inchi mbili. Keziah, mtoto wa kaka yangu, amerudi kutoka shuleni amelowa.

Jumatano, 13 Oktoba

Leo nimemkasirikia kaka yangu Jabez hadi nikavunja kijiti cha kuzungushia uzi wa lesi.

Keziah ni mtoto wake wa pekee, ana miaka minane, mama yake amelala makaburini tangu mwaka juzi. Tangu Pasaka yuko shule ya lesi ya Mama Burridge. Naiita shule kwa kuwa ndivyo inavyoitwa. Ni chumba kimoja, watoto kumi na wawili, kila mmoja na mto wake wa lesi mapajani, wanazunguka mshumaa mmoja uliozungukwa na chupa za maji ili mwanga usambae. Hakuna moto, maana moshi huchafua lesi. Wanaingia giza na kutoka giza.

Jioni nilimpa kikombe cha maziwa. Alikipokea vizuri, kisha akakirudisha mezani mahali ambapo meza imeisha. Kilivunjika. Hakushtuka kwa kuvunjika. Alishtuka kwamba meza haikuwepo. Nilimwonyesha vidole vitatu, akasema vitatu. Nikasogea mlangoni, akasema, "Shangazi, umekwenda wapi?"

Nikamwambia Jabez mtoto haoni vizuri, mtoe pale.

"Nilimpa Mama Burridge neno langu mpaka Krismasi," alisema.

"Neno lako litamnunulia macho?"

"Wewe si ulipita palepale miaka saba? Mbona unaona? Mbona unaandika vikaratasi vya Kasisi?"

"Sheria mpya inasema mtoto chini ya miaka kumi aende shule ya kusoma."

"Mwambie huyo Kasisi wako. Si ndiye mwenyekiti wa kamati ya mahudhurio ya shule? Mbona haji kumchukua?"

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu ni kweli. Nitamwambia Kasisi.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimemwambia. Alinisikiliza kwa upole sana, akasema ni jambo la kulitazama kwa makini. Kisha akaniuliza kama watoto pale bado wanaimba nyimbo za kuhesabia.

Nikasema ndiyo. Kila mstari ni pini moja. Ukiimba unachomeka, ukichomeka unaimba, na hivyo hakuna anayebaki nyuma. Akaomba nimwimbie mmoja. Nikauimba, mjinga mimi, kwa sababu aliuliza vizuri:

Pini ya kwanza, siku imeanza,
pini ya pili, joto limehama mwili,
pini ya tatu, maji kwenye kiatu,
pini ya nne, mwenzangu usinione,
pini ya tano, kimya ndilo agano.

Alifumba macho kama anayeonja mvinyo. "Maji kwenye kiatu! Ni fumbo la nini, Thirza?"

"Ni kiatu, Bwana. Kilikuwa kinavuja."

Akaandika hata hivyo. Anataka pia maneno yote yanayoimbiana na pini, yaani yenye kina kimoja nayo, maana watunzi wa nyimbo huhifadhi matamshi ya zamani. Katika Kiingereza chetu pini huimbiana na kidevu, na ngozi, na wembamba, na dhambi. Nilipoyapanga manne hayo kwa safu nikaona nimemchora mtoto mzima wa shule ya Mama Burridge.

Ijumaa, 22 Oktoba

Ukungu. Hakuna jipya. Nina hasira lakini sijui nimpelekee nani.

Jumatatu, 1 Novemba

Kasisi ana wazo. Siku ya Mtakatifu Katherini, sikukuu yetu wafuma lesi, amewaalika wageni kutoka mjini waje wale keki za bizari na kusikiliza watoto wa Mama Burridge wakiimba sebuleni kwake. "Kabla nyimbo hizi hazijapotea," alisema.

Nikamwuliza, "Na lile jambo la kulitazama kwa makini, Bwana?"

"Ukiwatawanya watoto leo, Thirza, nani ataimba?"

Nimelirudia hilo mara ishirini, nione kama nilisikia vibaya. Sikusikia vibaya. Anawaacha gizani kwa sababu wanaimba vizuri wakiwa gizani. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mtu huyu nilimwombea dua.

Ijumaa, 5 Novemba

Vijana wamewasha moto uwanjani. Keziah alisimama akiutazama kwa pembeni, kama kuku. Nilimwuliza kwa nini hautazami sawasawa. "Nikiutazama sawasawa unapotea, Shangazi."

Jumanne, 9 Novemba

Nitaandika kitu ambacho sijawahi kukisema.

Baada ya mstari wa tano wa ule wimbo, watoto hunyamaza kwa pini thelathini na moja. Hakuna kusema, hakuna kuinua uso. Anayesema au kuinua uso anapewa pini. Kupewa pini ni hivi: Mama Burridge anakushika shingo kwa nyuma na kukusukuma uso juu ya mto wako mwenyewe, kwenye vichwa vya pini zako, na kukusugua. Ukilia unaongezewa. Ukisema nyumbani unapewa mara mbili. Ndiyo maana hakuna anayesema nyumbani. Wanawake wote wa kijiji hiki walipita pale, na wote wanajua, na wote wanawapeleka mabinti zao.

Na mimi nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa mkubwa wa shule, na Mama Burridge alipochoka mkono alinituma mimi. Nilimshika Ruth Pettit shingo. Alikuwa na miaka sita. Nakumbuka nywele zake zilikuwa na joto. Ruth sasa ni mke wa mtengeneza magurudumu, na tukikutana dukani ananisalimu vizuri, na mimi naangalia chini.

Kasisi hana kikaratasi cha pini hiyo. Nilikuwa namwandikia miguu ya Mzee Amos.

Jumatano, 17 Novemba

Barafu dirishani. Keziah ana alama ndogo tatu puani. Nilimwuliza. "Nilianguka kwenye miiba, Shangazi." Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi. Ni maneno yaleyale tuliyoyasema sisi. Ni miiba ileile.

Nilikwenda kwa Mama Burridge. Nilimkuta mlangoni akipepeta makapi ya kujazia mito. Nikamwambia akimgusa tena mtoto wa Jabez atanijua.

"Nakujua, Thirza Odell," alisema, bila kuinua kichwa. "Nilikufundisha kazi inayokulisha. Mkono wako ule unaoandikia, nani aliunyoosha?"

"Mtoto anapofuka!"

"Pini hazitaki macho. Zinataka vidole."

Nilitaka kumpiga. Ni kizee, mwepesi kama jani, na nilitaka kumpiga.

Alhamisi, 25 Novemba. Mtakatifu Katherini

Naandika yote kwa utaratibu, nisije nikaambiwa kesho kwamba niliota.

Saa nane mchana tulikuwa sebuleni kwa Kasisi. Wageni walikuwa saba. Mkubwa wao alikuwa Bibi Ormerod, mama mnene mwenye sauti laini, ambaye sina ugomvi naye. Watoto kumi na wawili walikalishwa katikati ya zulia, kila mmoja na mto wake, na mapazia yakafungwa mchana kweupe ili mshumaa na chupa za maji vipendeze. Mama Burridge alikaa nyuma yao amevaa kofia yake ya kanisani. Mimi nilisimama ukutani na sahani ya keki, kwa sababu niliombwa nisaidie.

Waliimba. Siwezi kusema uongo: waliimba vizuri. Pini zilishuka pamoja na sauti, na kwenye mstari wa kiatu wageni walicheka kwa furaha. Kisha mstari wa tano, kimya ndilo agano, na wakanyamaza wote kwa mara moja na kuinamisha nyuso.

Wageni walidhani imekwisha. Wakapiga makofi. Watoto hawakuinua kichwa. Nilihesabu nao, huwezi kuacha ukishafundishwa: moja, mbili, tatu. Bibi Ormerod akasogea mbele, akainama kwa Keziah aliyekuwa karibu naye, akamwuliza, "Na wewe unaitwa nani, mwanangu?"

Ilikuwa pini ya tisa. Nilitaka kusema, mwache, Bibi, ngoja ifike thelathini na moja. Nilikuwa na mdomo. Sikusema.

Mtoto huyu tumemfundisha kwamba mkubwa akikuuliza unajibu. Akainua uso akasema wazi, "Keziah Odell, Bibi." Lakini alilijibu pazia. Bibi Ormerod alikuwa mkono wake wa kushoto, hatua moja, na mtoto alilitabasamia pazia la upande wa kulia. Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni haya.

Mama Burridge akainuka. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo nataka liandikwe: hakuwa na hasira hata kidogo. Aliinuka kama mtu anayekwenda kufunga mlango uliobaki wazi, na nadhani alisahau kabisa alikuwa wapi, kwa sababu miaka hamsini mkono wake umefanya hivyo. Akasema, "Njoo hapa nikupe pini." Akamshika shingo, akamwinamisha uso kwenye mto, akamsugua mara mbili, kulia na kushoto. Keziah hakutoa sauti. Wale kumi na mmoja hawakuinua kichwa. Waliendelea kuchomeka pini zao.

Bibi Ormerod alipiga kelele. Bwana mmoja aliangusha kikombe. Mimi nilikuwa nimeshatupa sahani, sikumbuki nilivukaje zulia. Nilimshika Mama Burridge kifundo cha mkono nikasema, "Toa mkono." Akautoa. Nikamwinua mtoto. Damu ilikuwa imetoka vitone vitone, puani na shavuni na juu ya jicho.

Nikamgeukia Kasisi, maana ni nyumba yake, na yeye ni mwenyekiti wa kamati, na mhubiri. Alikuwa anapapasa mfuko wa koti. Akatoa penseli.

"Samahani, Mama," alimwambia Mama Burridge, "umesema 'nikupe pini'? Matumizi hayo sijawahi kuyapata."

Mungu anisamehe, nilisema nini mle ndani sijui chote. Najua nilisema, "Andika, Bwana. Andika na jina lake. Andika na jina lako, umekaa hapo. Bila jina na tarehe si ni takataka?" Najua nilisema pia kitu kuhusu keki. Nikambeba Keziah, ambaye ni mkubwa wa kubebwa, nikatoka naye kwenye tope. Njiani alikuwa anatikisa midomo. Nilimwuliza anasema nini. Alikuwa kwenye pini ya ishirini na sita.

Ijumaa, 26 Novemba

Jabez alirudi kutoka shambani jana jioni akamkuta kitandani. Alimgeuza uso kwenye mwanga, akahesabu alama kwa kidole, bila kumgusa. Kumi na saba.

"Wewe uliniambia miiba," alisema.

Nilidhani anamwambia mtoto. Alikuwa ananiambia mimi. "Miaka yote ile ulirudi na uso huu, na nilikuwa kaka yako mkubwa, na ukaniambia umeanguka kwenye miiba. Nikaikata ile miiba ya nyuma ya zizi, Thirza. Unakumbuka? Nikaikata yote kwa ajili yako."

Nakumbuka. Nilimwacha aikate. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea tangu Oktoba ilinirudia mwenyewe kifuani. Nani alimpeleka mtoto pale kwa Mama Burridge kama si kimya changu?

Jumanne, 30 Novemba

Nimechukua vikaratasi vitupu vya Kasisi. Nimeandika kimoja:

PINI. "Njoo hapa nikupe pini." Amesema Hannah Burridge. Sebuleni kwa Kasisi Lionel Fanshawe, Thornmead, mbele yake na wageni saba. 25 Novemba 1880, saa nane na nusu. Aliyepewa: Keziah Odell, miaka minane, asiyekwenda shule ya kusoma.

Sitakipeleka kwenye kamusi. Nitakipeleka kwa mkaguzi wa shule wa wilaya. Lakini kimoja hakitoshi. Watasema ni bahati mbaya ya siku moja. Nimeanza kwa Ruth Pettit. Nilimwambia nataka kujua nani alimpa pini, wapi, mwaka gani. Alifunga mlango.

"Niseme ukweli?"

"Sema."

"Mwaka sitini na sita. Shule ya Mama Burridge. Thirza Odell."

Nimeandika jina langu kwa mwandiko wangu safi. Ruth akanimiminia chai. 

Alhamisi, 9 Desemba

Theluji. Vikaratasi kumi na tisa. Wengine wananisubiri mlangoni kabla sijabisha hodi. Mke wa mchinjaji alianza kwa kunifukuza, kisha akanikimbilia barabarani bila shali. Naye mke wa mchinja nguruwe alisema kwa jeuri, "Kwani sisi tumekufa?" nikamwambia hapana, ndiyo maana nakuja kwako. Akaandikisha na cha dada yake.

Daktari wa mjini amemwona Keziah. Jabez alimpeleka kwa mkokoteni wa kuazima. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto litabaki, kama hatashika lesi tena.

Kama ningesema tarehe kumi na tatu Oktoba kile nilichokiandika hapa tarehe tisa Novemba. Kama.

Jumanne, 14 Desemba

Mama Burridge ameniita. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Alikuwa peke yake, amekalia kiti cha watoto, anahesabu vijiti vya uzi kwa kuvipapasa. Nilisimama mbele yake sekunde kadhaa kabla hajajua kuna mtu, na nikaelewa kwamba haoni. Sijui tangu lini. Labda hakuona hata uso wa Keziah.

"Unakusanya, nasikia," alisema.

"Nakusanya."

"Basi andika na cha kwangu. Nilikuwa na miaka mitano. Bibi Sarah Gadd, katika chumba hikihiki. Mwaka ishirini na nne. Nilikuwa nimemwuliza, mama yangu yuko wapi?"

Sikumsamehe, na sitaki mtu atakayesoma hapa adhani nilimsamehe. Lakini nilikaa, nikaandika, nikamsomea, naye akasema ni sawa. Kikawa cha ishirini na nne. Jioni nimevitia vyote posta.

Alhamisi, 23 Desemba

Mkaguzi alifika jana na vikaratasi vyangu mkononi vimefungwa kamba. Hakwenda kwa Kasisi kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akafungua madirisha, akaita majina. Wote walio chini ya miaka kumi wanaanza shule ya kusoma baada ya mwaka mpya, na kamati itapata mwenyekiti mwingine. Mama Burridge alimwuliza yeye sasa afanye nini na mito kumi na miwili. Akaendelea kuita majina.

Ijumaa, 31 Desemba

Kasisi ameniletea kazi ya mwisho niinakili kabla ya kuituma kwenye kamusi. Hakuja mwenyewe; aliituma na mtumishi. Maana kumi na nne za pini, kwa mpangilio mzuri. Miguu ya Mzee Amos ni ya sita. Ya mwisho ni hii: "Adhabu iliyotumika zamani katika shule za lesi." Kando yake amechora kimsalaba kidogo. Ni alama yao. Maana yake neno limekufa, halitumiki tena.

Keziah yuko karibu nami anakula mkate. Tangu ile siku, akimaliza tonge moja huinama na kunyamaza kabla ya kuchukua jingine. Nimeshamwambia hakuna haja. Anasema anajua.

Nimenakili maana zote kumi na nne kama zilivyo. Kwenye ya mwisho nimefuta "zamani" na kimsalaba nimekikwangua kwa kisu mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake nimeandika sentensi, na aliyesema, na mahali, na tarehe, na majina ya waliokuwepo, na la Kasisi la kwanza.

Sasa namsubiri mtoto amalize. Yuko kwenye pini ya ishirini na nane.